Moto Ubaki Inje



Ninaandika kutoka Kasomeno, hapa barabara ya kutoka Lubumbashi inapogawanyika, moja ikishuka Kasenga kwenye mto Luapula, na nyingine ikielekea Kilwa na Pweto. Wale wanaopita hapa juu ya kamyo katika mwezi wa sita na wa saba wanaijua baridi yetu. Watu wa mbali wanafikiri Afrika yote ni joto tu. Waje walale huku usiku mmoja! Katanga ya kusini iko juu, Lubumbashi yenyewe iko karibu meta 1200 kupita bahari. Katika miezi ile mbingu haina mawingu ya kufunika inchi, basi joto lote la mchana linapanda na kwenda zake, na usiku tunashuka chini ya digri 10. Na nyumba zetu nyingi hazikujengwa juu ya baridi. Bati juu, upepo chini ya mlango, na blanketi moja kwa watoto watatu.

Leo nataka kusema nanyi juu ya kupasha nyumba joto. Mimi si injinia. Nilisoma Shule ya Biblia, si ufundi. Lakini jambo hili nilijifunza nyumbani mwangu, na nililipa karo yake kwa haya kubwa. Kama msomaji mmoja tu atatoa mbabula chumbani usiku wa leo, haya yangu itakuwa imefaa kitu.

Mwaka jana, mwezi wa saba, tulikuwa na mgeni. Mama mukubwa, dada wa kwanza wa marehemu mama yangu, alikuja kutoka upande wa Kasenga juu ya macho yake. Yeye ni mjane mwenye miaka zaidi ya 70. Tulimpa nafasi katika chumba cha watoto. Watoto watatu walilala pamoja juu ya kitanda, kwenye ukuta wa ndani. Yeye mwenyewe alitandika matela yake chini, karibu na mlango wa kutokea inje. Mke wangu alimwambia, "Mama, pale kuko baridi." Akajibu, "Acha batoto balale pa moto. Mi nimezoea."

Jumatatu usiku baridi ilizidi. Mimi mwenyewe, si mtu mwingine, niliingiza mbabula katika chumba kile. Nilifanya kama watu wote wanavyofanya. Niliwasha makala inje, nikangoja mpaka moshi umalizike na makala yote yawe mekundu, ndipo nikaibeba ndani. Halafu, juu ya kulinda joto, nikaziba dirisha na vitambaa na kuingiza magunia katika matundu yaliyo chini ya bati. Nikaenda kulala nikijisifu kuwa baba mwema.

Asubuhi watoto wote watatu waliumwa kichwa. Yule mdogo alitapika. Tukasema ni malaria. Lakini saa sita walikuwa wanacheza mpira inje kama kwamba hakuna kitu kilichotokea. Jumanne usiku nikaingiza mbabula tena, na Jumatano asubuhi ikawa vile vile, hata zaidi. Mke wangu naye aliamka na kizunguzungu, kwa maana aliingia mara nyingi usiku kuwaangalia.

Mama mukubwa peke yake hakuumwa kitu.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Ninyi mnaokaa katika kampi na vijiji vyetu mnajua namna yanavyoanza. Hakuna anayesema kwa sauti. Jirani mmoja alikuja kuomba chumvi, akaketi, akasema polepole, "Muangalie muzuri. Batoto bote banaumwa, ni yeye peke haumwe. Namna gani?" Jioni mtu mwingine, tena mtu wa kanisa, akaniuliza kama mzee yule alizika watoto wangapi kule kwake. Hakutaja neno bulozi. Hakukuwa na lazima kulitaja.

Ningependa kuwaambia kwamba niliwakemea. Nimehubiri mara nyingi juu ya wazee na watoto wanaofukuzwa manyumbani kwa sababu ya maneno kama haya. Lakini siku ile nilinyamaza. Nilipomwangalia mama mukubwa akipika mihogo, nilihesabu. Watoto watatu, usiku mbili, na yeye mzima. Hesabu yangu ilionekana kuwa sawa. Basi nikamwendea, nikasema, "Mama, pengine ni muzuri urudie kwanza Kasenga, mpaka hii baridi ipite."

Aliniangalia na macho yale yasiyoona vizuri. Hakuuliza sababu. Alisema tu, "Ni sawa, mwanangu." Nadhani alijua.

Usiku ule wa Jumatano mbabula iliingia mara ya tatu. Alhamisi alfajiri mke wangu alipiga kelele. Binti yetu wa katikati, mwenye miaka tisa, hakuamka. Alipumua, lakini tulimwita, tukamtikisa, tukamwagia mayi, hakufungua macho. Nilimbeba mgongoni, tukakimbia mpaka kituo cha afya. Muuguzi hakuanza na sindano. Alimwangalia, akatuangalia sisi, akauliza swali moja.

"Mulilala na moto mu nyumba?"

Nikasema, "Ndiyo, lakini haukuwa na moshi."

Akasema, "Njo ule unauaka."

Kituo kilikuwa na mashine ndogo ya oksijeni. Alimfunga mtoto chombo chake puani, akatuambia tungoje. Sitawaeleza saa zile. Mchana binti yangu alifungua macho akaomba mayi ya kunywa. Nilitoka inje nikalia nyuma ya nyumba ya kituo kama mtoto.

Nilipokuwa narudi kuchukua nguo, nilimkuta mama mukubwa kando ya barabara. Alikuwa ameketi juu ya mzigo wake uliofungwa katika kitenge, anangojea kamyo. Alikuwa pale tangu asubuhi, maana nilikuwa nimemwambia aende, naye alitii. Sikupata neno. Nilichukua mzigo nikaweka kichwani mwangu, mimi mchungaji, mbele ya watu wote wa soko, nikasema tu, "Mama, turudi."

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana maneno ya muuguzi yule nimeyachunguza baadaye, na ni ya kweli.

Makala yanapopata hewa nyingi yanaungua vizuri. Yanapokosa hewa ya kutosha, kama katika chumba kilichofungwa, yanatoa kwa wingi gazi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Gazi hii haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala koo. Moshi unakufukuza, lakini gazi hii inakubembeleza ulale. Katika damu yetu mna kitu kinachobeba oksijeni kutoka mapafu mpaka ubongo na moyo. Gazi ya makala inakishika kitu kile kwa nguvu zaidi ya mara 200 kupita oksijeni. Kwa hiyo hata gazi kidogo inachukua nafasi, na oksijeni inabaki bila mtu wa kuibeba. Kwanza ni kuumwa kichwa, halafu kizunguzungu, kutapika, miguu kukosa nguvu. Mtu aliye macho anaweza kutoka. Mtu aliyelala hasikii kitu, anapita kutoka usingizi mpaka kifo. Mama mwenye mimba yuko katika hatari zaidi, juu ya mtoto aliye tumboni.

Na angalieni mambo mawili yaliyonidanganya mimi. La kwanza, makala mekundu yasiyo na moshi yanaonekana kuwa safi, kumbe ndiyo yanatoa gazi. La pili, mtu akitoka inje kwenye hewa safi anapata nafuu, ndiyo maana watoto wangu walicheza mchana. Malaria haifanyi hivyo. Ukiona watu wa nyumba moja wanaumwa kichwa asubuhi wote pamoja, na wanapona mchana, usitafute mlozi. Tafuta moto.

Ninyi mnaofanya kazi chini ya udongo mnamjua adui huyu. Katika mwaka wa 1896 daktari mmoja wa Uingereza, John Scott Haldane, aliandika juu ya wachimbaji wa makaa ya mawe waliokufa baada ya milipuko ya migodini. Alichunguza miili yao akakuta kwamba wengi hawakuuawa na mlipuko wala moto, waliuawa na gazi hii. Ni yeye aliyeshauri wachimbaji waingie na kiumbe kidogo, kama panya au ndege mdogo wa kanari, kwa maana kinalewa gazi mbele ya mtu. Migodi ya Uingereza ilitumia ndege hao mpaka 1986, ndipo vipimo vya umeme vikachukua kazi yao. Vijana mnaochimba, mnajua wenzenu waliowasha moto shimoni kuvunja jiwe, ao waliposhusha motopompe ya kuvuta mayi. Ni gazi ile ile. Na mashine ya umeme inayonguruma ndani ya nyumba ao chini ya dirisha inatoa hiyo hiyo.

Lakini swali lilibaki. Kwa nini mama mukubwa hakuumwa?

Siku ya Ijumaa nilifunga mlango wa chumba kile, nikalala chini pale pale matela yake ilipokuwa. Nikasikia upepo kwenye shingo. Nikaomba ratili ya shule ya mwanangu, ile rula ya sentimeta 30, nikapima nafasi iliyo chini ya mlango. Ilikuwa sentimeta 4. Dirisha nililiziba, matundu ya juu niliyaziba, lakini chini ya mlango nilisahau. Hewa safi yote ya chumba kile ilipita kwanza juu ya uso wa mama mukubwa. Watoto wangu, juu ya kitanda cha ndani, karibu na mbabula, walipewa mabaki.

Rula moja ya shule ilimaliza maneno yote ya majirani. Lakini niliipata baada ya kumfukuza mama yangu.

Basi mbabula ilitoka. Lakini baridi haikutoka pamoja nayo. Watoto waliotetemeka Jumatatu walitetemeka na Ijumaa. Ninyi akina mama mtaniuliza, na ni haki yenu, "Baba muchungaji, unatoa moto, unatupa nini?"

Nina mdogo wangu anayekaa Liège, katika Ubelgiji. Nilimweleza habari hii kwa simu, akanitumia sauti ndefu kwa WhatsApp, na picha. Kumbe mwezi ule yeye naye alikuwa anashughulika na joto la nyumba, anajiandaa mbele ya baridi yao. Radiatere ya chumba chake ilikuwa inavuja, na fundi wa kule ni ghali, akaamua kuibadilisha mwenyewe.

Radiatere ni nini? Wengi tunaijua ile ya motokari. Ya nyumbani ni sanduku la chuma, bapa, linalosimama kando ya ukuta chini ya dirisha. Ndani yake hamna moto, mna mayi tu. Moto uko mahali pengine, katika tanuru lenye bomba la kutoa moshi inje. Unapasha mayi, mayi yanapita katika mabomba, yanaingia radiatere yakiwa moto, yanaacha joto lao chumbani, yanarudi kwenye tanuru yakiwa vuguvugu.

Mdogo wangu alinieleza kazi yake. Alizima tanuru, akangoja mayi yapoe. Akafunga vali mbili, moja kila upande. Akaweka ndoo chini, akalegeza skuru, mayi meusi yakatoka. Halafu akapima. Na hapo alikosa. Alipima urefu na kimo cha chuma tu, akanunua kingine chenye ukubwa ule ule. Alipokisimamisha ukutani, mabomba hayakukutana na matundu. Hakupima nafasi iliyo kati ya bomba na bomba, kutoka katikati ya moja mpaka katikati ya lingine. Tofauti ilikuwa sentimeta 3 tu, lakini bomba la chuma halivutwi kama mpira. Akarudisha dukani, akapima tena, vipimo vinne sasa: urefu, kimo, unene, na nafasi ya mabomba. Mara ya pili ikaingia.

Tena alipima chumba. Meta 4 kwa 3, na kimo meta 2 na nusu, ni meta za ujazo 30. Kwa nyumba ya zamani inayopitisha baridi, aliambiwa ahesabu karibu wati 50 kwa kila meta ya ujazo, basi radiatere ya wati 1500. Mwisho wa kazi alifungua mayi yarudi, na kwa ufunguo mdogo akatoa hewa iliyobaki juu ya radiatere, kwa maana penye hewa mayi hayafiki, na pasipo mayi pamebaki baridi.

Akamaliza hivi: "Yaya, huku hatulali na moto. Tunalala na joto tu. Moto unabaki inje."

Nilisikiliza maneno yale mara tatu. Sina tanuru wala mabomba. Lakini nina mayi, nina makala, nina uwanja. Nikasema, tujaribu radiatere ya Kasomeno.

Kwanza nilipima chumba kama yeye. Meta 3, kwa meta 2 na sentimeta 70, kimo meta 2 na sentimeta 40. Ni meta za ujazo 19 na kitu. Kwa hesabu ya Liège ningehitaji karibu wati 970. Halafu nikahesabu mayi yangu. Lita 20 za mayi yenye digri 70, yakipoa mpaka digri 20, yanatoa joto sawa na mashine ya umeme ya wati 1000 inayofanya kazi muda wa saa moja na dakika chache. Ukiligawanya joto lile kwa usiku wote wa saa kumi, unapata karibu wati 115 tu.

Nikavunjika moyo. Wati 115 mahali pa 970! Lakini mke wangu, ambaye hakusoma hesabu nyingi, aliuliza swali lililonipita. "Ni chumba kinasikia baridi, ao ni batoto?"

Wapendwa, hapo ndipo kipimo changu kilipogeuka. Mtu aliyelala anatoa mwenyewe joto la wati 70 hivi. Watoto watatu chini ya blanketi ni moto mdogo tayari, na hautoi gazi ya sumu. Kinachohitajika ni kulinda joto lao na kuongeza kidogo kitandani. Chumba kilale na baridi yake.

Nami nilikosa mara ya kwanza kama mdogo wangu. Nilitia mayi ya moto katika chupa za plastiki, zile nyembamba za mayi ya duka. Zilikunjamana mikononi mwangu kama jani la ndizi kwenye moto, moja ikavuja juu ya matela. Plastiki ile haiwezi mayi yanayokaribia kuchemka. Halafu nikachukua bidoni nne nene za mafuta ya kupikia, za lita 5, zenye kifuniko cha kufunga sana. Hizo zilistahimili.

Hivi ndivyo tunavyofanya sasa nyumbani.

1. Mbabula inakaa inje, mahali penye upepo. Haipiti mlango wa chumba, hata kama makala yamebaki majivu, kwa maana chini ya majivu moto ungali hai na gazi ingali inatoka.

2. Tunapasha mayi katika sufuria isiyofunikwa kwa nguvu. Usiweke bidoni ao chombo chochote kilichofungwa juu ya moto, mvuke utakipasua. Mayi yakichemka, tunayaepua na kuchanganya na ya baridi kidogo. Mtu mzima ndiye anayeyamimina, watoto wakiwa mbali.

3. Tunafunga kifuniko, tunageuza bidoni chini juu kuona kama inavuja, tunaifuta, tunaizungushia gunia ao kitenge cha zamani mara mbili, isiguse ngozi. Tunaiweka kitandani nusu saa mbele ya kulala. Watoto wakiingia, tunaisogeza miguuni. Kwa mtoto mchanga tunaitoa kabisa akilala, hawezi kujisogeza akiungua.

4. Tumetandika magazeti na maboksi ya karatasi ngumu chini ya matela. Baridi inatoka na chini, si juu tu.

5. Nilipima nafasi ya dirisha, nikakata ubao kwa kipimo, nikaziba upepo ule uliopiga kitanda. Lakini matundu yaliyo juu, chini ya bati, niliyafungua. Nyumba inataka kupumua hata bila moto.

Wewe uliye Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi na una umeme, unaweza kununua mashine ya kupasha. Pima vilevile mbele ya kununua. Mashine ya wati 1000 kwenye umeme wa volti 220 inavuta ampere 4 na nusu. Usiifunge kwenye waya mwembamba wa taa wala kuunga pamoja na reso ya kupikia, waya utapata moto ndani ya ukuta. Usianike nguo juu yake. Na umeme ukikatika usiku wa manane, ni hapo wengi wanarudi kuchukua mbabula. Bidoni ziwe tayari. Wale wanaokaa katika nyumba za zamani zenye shimine, zile zilizojengwa wakati wa Wabelgiji, wasidhani mbabula na shimine ni kitu kimoja. Shimine ina njia ya kutoa gazi juu, kama haikuzibwa na viota vya ndege. Mbabula haina njia yoyote isipokuwa mapua yenu.

Na kama jambo limekwisha kutokea, fungua milango, toa watu wote inje upesi, usiingie kukaa ndani wewe mwenyewe, na peleka hospitali yule aliyezimia hata kama ameamka, kwa maana ubongo unaweza kuonyesha madhara siku za baadaye. Mwambie muuguzi neno lile la kwanza, kwamba mlilala na moto. Usione haya. Haya yangu karibu iuze mtoto wangu.

Makala haya ni maisha yetu, sikatai. Ninyi mnaopita barabara yetu mnaona magunia yaliyopangwa kando yakingoja kwenda Lubumbashi, na baiskeli zinazobeba matatu na manne. Familia nyingi za kanisa letu zinakula juu ya makala, ada ya shule inatoka humo. Sisemi tuyachukie. Nasema yapike bugali inje, yapashe mayi inje, na yasilale na mtu.

Limebaki deni moja. Jumapili ile, baada ya ibada, watu wa nyumba walipoketi chini ya mti wa maembe, na jirani zangu wawili wakiwepo, nilileta rula. Nikaeleza nafasi ya sentimeta 4, nikaeleza gazi. Halafu nikapiga magoti mbele ya mama mukubwa kama desturi yetu inavyotaka, nikasema, "Mama, nilikudhania mubaya. Si hawa tu. Mimi pia. Naomba unisamehe."

Alinyamaza muda mrefu. Mwisho akasema, "Mwanangu, kila usiku minasikia baridi hapa ku mugongo, kama kisu. Minasema, ni buzee. Kumbe ni ile baridi ilinilinda?"

Binti yangu, yule wa miaka tisa, akajibu mbele yangu, "Ni weye ulitupatia nafasi ya moto, nkambo."

Hakuna aliyeongeza neno. Jirani yule wa chumvi aliinuka, akaenda kwake, akarudi na sahani ya karanga, akaiweka mbele ya mama mukubwa kwa mikono miwili.

Bado anakaa nasi. Daktari wa macho alimwangalia, na jicho moja sasa linaona. Baridi ya mwaka huu ilipoanza, nilitengeneza mlango upya na kuzungusha matela yake kwenye ukuta wa ndani. Alikataa bidoni mbili, akachukua moja. Anasema mbili ni ya wazungu.

Ninyi wasomaji, usiku wa leo mbele ya kufunga mlango, chukueni rula ya mtoto wa shule. Pimeni dirisha, pimeni chini ya mlango, angalieni mbabula ilipo. Na kama katika nyumba yenu kuna mtu ambaye maneno yamemzunguka, pimeni kwanza kabla ya kumfungia mzigo.